Kuchunguza kilima kilichovurugwa: mwongozo kamili wa udongo, maji na homa za ubongo hapa Bukavu

Bukavu imekaa juu ya miteremko inayoingia Ziwa Kivu, kwenye kimo cha mita 1,460 hivi ufukweni, na zaidi kadiri unavyopanda kuelekea Kabare. Tumekata miti, tumechimba udongo wa matofali mabondeni, tumejenga nyumba juu ya nyumba Kadutu na Bagira, na kila mvua zinaporudi mwezi Septemba udongo unashuka na maji hadi ziwani. Watu wa kilimo wanaupima udongo huo. Watu wa biolojia wanakamata mbu. Wauguzi wanaandika kwenye rejista watoto wanaoletwa na homa, degedege na fahamu iliyopotea. Kila upande una TFC zake (kazi za mwisho wa masomo) na memwari zake, zimepangwa kwenye rafu mbalimbali, na ni nadra kukuta mbili zilizofanyiwa kazi kwenye kilima kimoja.

Mwongozo huu unataka kuzikutanisha. Ni wa mwanafunzi, mwagronomu, muuguzi au kikundi cha vijana wa kartie chenye simu, jembe, ndoo na subira ya mwaka mmoja. Ninachoamini ni hiki: udongo, maji, wanyama na wagonjwa wapimwe mahali pale pale, kwenye ramani moja. Tusipofanya hivyo, maneno yetu kuhusu uharibifu wa mazingira na magonjwa ya ubongo yatabaki kuwa ya kubahatisha.

Kabla ya kuanza: ardhi iliyovurugwa inafikaje kwenye ubongo?

Njia ni nyingi, lakini nne ndizo za kuzingatia.

Ya kwanza ni maji yaliyosimama. Mfano ulio wazi kuliko yote ni homa ya Bonde la Ufa, iliyochunguzwa kwa mara ya kwanza Kenya, karibu na Naivasha, mwaka 1930 na 1931. Baadhi ya mbu wa Aedes hutaga mayai kwenye udongo wenye unyevu, pembeni mwa mabwawa ya msimu. Maji yakikauka, mayai hubaki humo udongoni hata miaka, mengine yakiwa yamekwisha kupokea virusi kutoka kwa mbu mama. Mvua kubwa ikifurisha bonde, yanaanguliwa kwa pamoja; ng'ombe, kondoo na mbuzi wanaugua na kutupa mimba, kisha watu wanafuata. Wengi hupata homa ya kawaida tu. Wachache, chini ya mmoja kati ya mia, hupata uvimbe wa ubongo (ensefalitisi), na dalili zake huja wiki 1 hadi 4 baada ya homa ya kwanza. Virusi vya West Nile navyo, vilivyotambuliwa Uganda mwaka 1937, huzunguka kati ya ndege na mbu wa Culex, ambao wengi wao huzaliana vizuri kwenye maji machafu.

Ya pili ni wanyama kukutana mahali ambapo zamani hawakukutana. Malaysia, mwaka 1998 na 1999, miembe ilikuwa imepandwa pembeni mwa mazizi ya nguruwe. Popo walao matunda walikuja kula, na inaaminika kwamba matunda waliyoyatafuna yalianguka mazizini. Nguruwe wakaambukizwa virusi ambavyo baadaye viliitwa Nipah, wakawaambukiza wafugaji. Watu 265 waliugua, 105 wakafariki. Nitarudi kwenye kisa hiki, kwa sababu kina funzo kubwa la utafiti.

Ya tatu ni kinyesi. Enterovirusi, jamii ya virusi vya polio, hutoka na choo, husafiri na maji, na vinaweza kufika kwenye utando wa ubongo. Udongo mzuri wenye mfinyanzi hunasa virusi vingi maji yanapouchuja polepole. Udongo uliopasuka, uliochimbwa au uliobebwa na maporomoko hauchuji kitu. Maji ya choo cha juu yanafika moja kwa moja kwenye chemchemi ya chini. Mtu wa Kadutu anajua ninachosema.

Ya nne ni kichaa cha mbwa. Takataka zikirundikana, mbwa wasio na mwenyewe wanaongezeka. Duniani kote ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na hadi asilimia 99 ya wanaoambukizwa walipata kwa mbwa. Kati ya njia zote nne, hii ndiyo inayoweza kumwua hata wewe mtafiti, kwa hiyo ina hatua yake peke yake huko mbele.

Hatua ya 1: Punguza swali mpaka lijibike

"Je, mmomonyoko unaleta homa ya ubongo Bukavu?" Swali hilo liache. Huwezi kulijibu kwa mwaka mmoja, na profesa atakayekuruhusu uliandike kwenye jalada hakutakii mema.

Swali linalofaa lina mahali, kitu cha kuhesabu, na kitu cha kulinganisha. Kwa mfano: je, mashimo ya matofali katika bonde fulani yana mabuu mengi ya mbu kuliko mifereji ya mashamba yaliyo jirani? Je, miteremko ambayo maji hayazami vizuri ndiyo iliyo juu ya vidimbwi vinavyodumu zaidi ya siku 10? Je, maeneo ya afya yenye vidimbwi hivyo yanaandikisha wagonjwa wengi zaidi wa homa yenye kuchanganyikiwa, kwa kila watu 1,000? Maswali matatu ya namna hiyo, yakifuatana kutoka udongoni hadi kwa mgonjwa, yanatosha kabisa.

Hatua ya 2: Ruhusa, na heshima inayotangulia ruhusa

Anza kwa shefu wa avenyu, kisha shefu wa kartie. Ukitoka mjini kuingia Kabare au Walungu, pita kwa shefu wa grupema, naye atakuelekeza kwa watu wa mwami, mfalme wa jadi. Karatasi ya chuo iwe na muhuri, lakini usiitangulize. Salimu kwanza. Ukijua salamu ya Kimashi, itumie. Mwambie papa au mama mwenye shamba utachimba wapi, utachukua udongo kiasi gani, na lini utarudi kumwonyesha majibu. Watu wamechoka na wageni wanaochimba ardhi yao bila kusema. Mahali ambapo wachimbaji wa madini hupita, mtu mwenye jembe na mfuko wa plastiki anatiliwa shaka, na wana haki.

Data za wagonjwa zinahitaji kibali cha kamati ya maadili ya chuo na barua ya daktari mkuu wa zoni ya afya. Utapewa idadi, umri, jinsia, wiki na eneo. Usiombe majina, na ukiyaona kwenye rejista usiyanakili. Kuingia Hifadhi ya Kahuzi-Biega ni lazima kibali cha ICCN, taasisi ya taifa inayosimamia hifadhi, hata kama unataka konzi moja tu ya udongo.

Hali ya usalama inabadilika. Asubuhi ya kwenda uwandani piga simu kwa mtu anayeishi huko, usitegemee habari za jana.

Hatua ya 3: Chagua viwanja kwa jozi

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Mtu anapima udongo wa mteremko ulioporomoka Kadutu, kisha anaulinganisha na udongo wa msituni Tshivanga, na anaandika kwamba uharibifu umepunguza rutuba. Lakini kimo ni kingine, mvua ni nyingine, na mwamba mama huenda ni mwingine pia. Hajalinganisha kitu.

Tafuta jozi zinazofanana katika kila jambo isipokuwa lile unalolichunguza: mteremko wenye mwinuko uleule, unaotazama upande uleule, kwenye kimo kinachokaribiana, mmoja umevurugwa na mwingine haujavurugwa au umevurugwa kidogo. Jozi 3 ndicho kiwango cha chini. 5 au 6 ni bora. Kwa kila kiwanja andika aina ya uvurugaji (nyumba bila mitaro, mikaratusi iliyokatwa yote, shimo la matofali, machimbo ya mawe, maporomoko), na uwaulize wazee ulitokea mwaka gani. Shimo la miaka 2 na shimo la miaka 20 ni vitu viwili: la pili limekwisha kuwa na majani, vyura na samaki wadogo wanaokula mabuu.

Chukua majira-nukta ya GPS kwa simu mara tatu mahali pamoja, tumia wastani. Piga picha kuelekea pande nne. Weka alama ya jiwe au kigingi, maana utarudi.

Hatua ya 4: Pima udongo

Hii ndiyo sehemu ninayokuomba usiifanye kwa haraka. Udongo ndio unaoamua kama mvua itazama, itasimama au itakimbia, na mambo mengine yote ya mwongozo huu yanatokana na hilo.

Kuchukua sampuli. Tembea kiwanja kwa mwendo wa kupindapinda, chimba sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 0–20. Ondoa majani juu, usiondoe udongo mweusi. Changanya yote kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati lenye kutu itakudanganya kwenye vipimo vya chuma na zinki. Tandaza, gawa robo nne, tupa robo mbili zinazotazamana, changanya tena, rudia mpaka ibaki gramu 500 hivi. Andika lebo mbili kwa penseli, moja ndani ya mfuko na nyingine nje, kwa sababu wino wa kalamu hufutika kwenye unyevu. Nyumbani anika kivulini. Epuka jua kali, na usiache kuku wapite juu yake.

Kuzama kwa maji. Hiki ndicho kipimo kinachounganisha udongo na mbu, na vifaa vyake ni rahisi. Kata kipande cha bomba la PVC lenye kipenyo cha sentimita 15, urefu wa sentimita 12 hivi, noa ukingo mmoja. Kipigilie udongoni sentimita 6 au 7 kwa nyundo na ubao. Tandika mfuko wa plastiki ndani ya pete, mimina mililita 440 za maji, kisha uvute mfuko taratibu ili maji yasichimbe udongo. Kiasi hicho ni sawa na mvua ya milimita 25. Mara ya kwanza acha yazame tu bila kupima. Yakiisha, mimina tena mililita 440 na upime muda. Yakizama kwa dakika 10, kasi ni milimita 150 kwa saa. Yakichukua saa nzima, ni milimita 25. Mfinyanzi uliokandamizwa unaweza kushuka hadi milimita 1–5 kwa saa, na mvua zetu za Novemba hazisubiri kasi hiyo. Rudia mahali 3 kwa kila kiwanja, na usipime siku iliyofuata mvua kubwa.

Uzito wa udongo kwa ujazo wake. Tumia pete ndogo ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 5 na kimo cha sentimita 5. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 98. Chukua udongo bila kuukandamiza, ukaushe kwenye joko la maabara kwa nyuzi 105 kwa saa 24, upime. Gramu 118 zikigawanywa kwa 98 zinatoa gramu 1.20 kwa kila sentimita ya ujazo. Kwa udongo wa mfinyanzi, ukikaribia 1.5 mizizi inaanza kushindwa kupenya. Ukifanya kazi hii Goma badala ya Bukavu utashangaa: udongo mchanga wa volkano huko ni mwepesi, mara nyingi chini ya 0.9, kwa hiyo usilinganishe tarakimu za miji hiyo miwili.

Muundo wa chembe. Jaza theluthi ya chupa ya kioo kwa udongo uliochekechwa, ongeza maji na unga kidogo wa sabuni ya kufulia, tikisa kwa nguvu dakika 10 au zaidi. Kichanga hutua ndani ya dakika moja hivi, chembe za kati ndani ya saa 2, mfinyanzi baada ya siku nzima au zaidi. Angalizo kwa udongo wetu mwekundu: chuma kilichomo hushikamanisha mfinyanzi ukawa chembechembe zinazojifanya kichanga. Ukitikisa dakika mbili tu utaandika kwamba Walungu kuna udongo wa kichanga, na mkulima wa Walungu ambaye viatu vyake vimejaa tope atakushangaa.

Uimara wa madonge. Weka donge kavu la ukubwa wa punje ya mahindi juu ya chujio, lizamishe majini, hesabu dakika 5. Likibaki zima, udongo una uhai na mboji inayoushikilia. Likiyeyuka mara moja, mvua ya kwanza italibeba.

Minyoo. Chimba mchemraba wa sentimita 25 kwa 25, kina 30, asubuhi na mapema, wakati wa mvua. Mwaga udongo juu ya plastiki nyeupe, hesabu minyoo na wadudu wote, kisha warudishe.

Tindikali. Peleka maabara, wapime kwa sehemu moja ya udongo na mbili na nusu za maji. Chini ya pH 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka na kuua ncha za mizizi. Hilo ni tatizo kubwa kwenye mashamba yaliyochoka ya Walungu. Mimea ikishindwa kufunika ardhi, matone ya mvua yanapiga udongo mtupu, na tunarudi kwenye tope na vidimbwi.

Hatua ya 5: Fuata maji hadi kwenye mabuu

Baada ya mvua kubwa, tembea chini ya kila kiwanja na uorodheshe kila mahali maji yalipokaa: mashimo ya matofali, mitaro iliyoziba, nyayo za ng'ombe, matairi, madumu yaliyokatwa. Rudi baada ya siku 3, 7, 10 na 14. Kidimbwi kilichokauka siku ya 5 hakijazaa mbu. Kwenye baridi ya Bukavu yai huchukua muda mrefu zaidi kuwa mbu kuliko kule tambarare ya Ruzizi, kwa hiyo kidimbwi cha siku 10 kwetu si sawa na cha siku 10 Uvira. Pima joto la maji kwa kipimajoto cha kawaida. Ni kazi ya dakika moja.

Kwa kuhesabu mabuu tumia upawa mweupe wenye mpini mrefu. Chota mara 10 kwa kila kidimbwi, pole pole, upande usio na kivuli chako, kwani mabuu hukimbilia chini yakiona kivuli. Mabuu ya Anopheles hulala bapa sambamba na uso wa maji. Ya Culex na Aedes huning'inia kichwa chini, na mrija wa Culex wa kupumulia kwa kawaida ni mrefu zaidi. Tofauti hiyo utaijua ndani ya siku chache. Jina kamili la spishi waachie wataalamu. Weka mabuu kwenye kichupa chenye alkoholi ya asilimia 70–80, andika lebo, omba msaada wa kituo cha utafiti wa sayansi ya asili, CRSN Lwiro, au idara ya biolojia.

Usimketishe mtu nje usiku ili aumwe na mbu kwa ajili ya hesabu yako. Mtego wa taa unatosha.

Ukipata Culex wengi, andika kwamba umepata Culex wengi. Hujapata virusi. Kutafuta virusi ndani ya mbu ni kazi ya maabara iliyoandaliwa, kama ile ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, Kinshasa au Goma.

Hatua ya 6: Wanyama, na namna ya kubaki hai

Waulize wafugaji: je, mbuzi au ng'ombe walitupa mimba kwa wingi msimu huu? Mwezi gani? Kutupa mimba kwa wingi baada ya mafuriko kunapaswa kumfikia mganga wa mifugo siku hiyo hiyo, na usishike vitoto vilivyotupwa kwa mikono mitupu. Andika pia mahali miti ya matunda inapofunika mazizi ya nguruwe. Popo usiwashike, wala usiingie pangoni mwao.

Kuhusu mbwa, timu yote ipate chanjo ya kinga kabla ya msimu wa kazi ikiwezekana: sindano siku ya 0 na siku ya 7. Mwenzako akiumwa, au akilambwa penye kidonda, fanya yafuatayo bila kusubiri:

- Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, kwa saa. Usiweke mafuta, majivu wala dawa ya majani.
- Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kuanza chanjo, na uulize kuhusu sindano ya kingamwili kama ngozi imetoboka.
- Mbwa akijulikana, afungwe na kuangaliwa siku 10. Chanjo inaanza hata hivyo.
- Maliza sindano zote kwa tarehe walizokuandikia.

Virusi hivi hutembea polepole kwenye mishipa ya fahamu, mara nyingi miezi 2 au 3, kabla ya kufika ubongoni. Ndani ya muda huo chanjo inaokoa. Dalili zikishaanza, kifo ni karibu hakika. Ninaumia kila nikisikia familia iliyomficha mtoto kwa mganga wa kienyeji wiki tatu huku jeraha likipona na kila mtu akidhani yamekwisha.

Hatua ya 7: Soma rejista kwa macho makali

Ufafanuzi wa kimataifa wa uvimbe mkali wa ubongo unaotumika kwa ufuatiliaji ni huu: mtu wa umri wowote mwenye homa iliyoanza ghafla, pamoja na mabadiliko ya fahamu au degedege mpya isiyo ya kawaida ya homa za watoto. Utumie huo, neno kwa neno, kwenye vituo vyote. Bila hivyo kila muuguzi atahesabu kivyake.

Kisha utakutana na neno "neuropalu", yaani malaria ya ubongo. Kwenye rejista zetu karibu kila mtoto mwenye homa na fahamu iliyopotea anaandikwa hivyo. Malaria ya ubongo ipo, inaua, na lazima itafutwe kwanza. Lakini tazama safu ya TDR, kipimo cha haraka cha malaria. Ikiwa kipimo kilikuwa hasi na bado kimeandikwa "neuropalu", huyo mtie kwenye kundi la chanzo kisichojulikana. Kundi hilo ndilo la kuangaliwa kwa makini kuliko yote.

Tenga pia yale yasiyo ya virusi, na yale ya virusi yasiyotokana na ardhi. Homa ya uti wa mgongo ya bakteria huja na shingo ngumu na inahitaji antibiotiki mara moja. Surua, ambayo huleta uvimbe wa ubongo kwa mgonjwa mmoja kati ya 1,000 hivi, inatokana na chanjo iliyokosekana. Herpesi, ambayo nayo ni ya virusi, haijali udongo wala mbu, na ina dawa, aciclovir, ambayo husaidia zaidi ikianza mapema. Konzo, iliyoelezwa na daktari Trolli huko Kwango, kusini-magharibi mwa Kongo, mwaka 1938 na kuonekana pia Kivu Kusini, hupooza miguu yote miwili ghafla, bila homa na bila kuchanganyikiwa. Inatoka kwenye muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Ina uhusiano na shamba na njaa, lakini si virusi.

Maji ya uti wa mgongo huchukuliwa hospitalini na mtu aliyefunzwa. Ukimkuta mgonjwa nyumbani ukiwa kwenye uchunguzi wako, weka daftari kando, tafuta pikipiki au tipoyi (machela), mpeleke kituoni.

Hatua ya 8: Unganisha, kwa uangalifu

Ingiza viwanja, vidimbwi na wagonjwa kwenye QGIS, programu ya ramani ambayo ni ya bure. Tumia viwango, usitumie idadi tupu. Tuseme eneo lenye watu 10,000 lina wagonjwa 4, na jingine lenye watu 2,000 lina 2: la kwanza ni 0.4 kwa kila 1,000, la pili ni 1. Lakini uliza pia umbali. Wanaoishi karibu na kituo huandikishwa zaidi. Walio mbali hufia nyumbani bila kuhesabiwa, nao ndio walio kwenye miteremko mibaya zaidi.

Zingatia muda. Mvua ikinyesha wiki ya kwanza, mbu wapya huja wiki kadhaa baadaye, na wagonjwa baada yao. Wagonjwa wakiongezeka kabla ya mbu, chanzo kiko kwingine.

Sasa turudi Malaysia. Mwanzoni wataalamu walidhani ni uvimbe wa ubongo wa Kijapani, unaoenezwa na mbu wa mashamba ya mpunga. Wakapuliza dawa, wakachanja watu. Wagonjwa wakaendelea kuongezeka. Jibu lilikuwa limekaa kwenye orodha ya wagonjwa: wengi walikuwa wanaume wazima wanaoshika nguruwe, wakati ule ugonjwa wa mbu kwa kawaida huwapata zaidi watoto. Virusi vipya vilipatikana Machi 1999, na Dk. Kaw Bing Chua. Kwa hiyo kabla ya kuchora mchoro wowote, tandika umri, jinsia na kazi za wagonjwa wako mezani. Vikipingana na nadharia yako, achana na nadharia.

Tuna mfano wetu wenyewe. Kamituga ni mji wa migodi, ardhi yake imechimbwa kila upande, na hapo ndipo mwaka 2023 tawi la Ib la mpoksi lilipoonekana. Ilikuwa rahisi kulaumu mashimo na msitu uliokatwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba tawi hilo lilienea kutoka mtu hadi mtu, kwa kugusana kwa karibu, ngono ikiwamo. Mgodi ulihusika kwa kukusanya watu, na tope lake halikuwa na kosa.

Hatua ya 9: Rudisha majibu, na rekebisha kinachorekebishika

Ita mkutano kwa shefu wa avenyu, siku ya salongo (kazi ya pamoja ya usafi) ikiwezekana, kabla ya kumpelekea profesa. Onyesha ramani kubwa iliyochorwa kwa mkono. Usiseme "mashimo haya yanaleta homa ya ubongo" kama hukuthibitisha. Sema ulichopima: hapa maji yanazama kwa saa mbili, pale kwa dakika 15, mashimo haya 4 yana mabuu wiki zote, haya 6 hayana.

Kisha mpange kazi ya Julai na Agosti, ardhi ikiwa kavu. Mashimo yenye mabuu yafukiwe au yachimbiwe mfereji wa kutoa maji. Wachoma matofali wakubaliane na shefu kwamba shimo likiisha kazi linafukiwa na aliyelichimba. Kwenye miteremko chora mistari ya usawa kwa fremu A, vijiti vitatu na jiwe lililofungwa kwa uzi, halafu panda matete, tripsakumu, setaria au vetiva kwenye mistari hiyo, na kaliandra kwa ajili ya mbuzi na mbolea. Funika udongo mtupu kwa majani makavu. Vyoo vilivyo juu ya chemchemi viorodheshwe kwa jina la avenyu, bila kuaibisha mwenye nyumba. Na mwombe mganga wa mifugo siku ya chanjo ya mbwa: lengo ni asilimia 70 ya mbwa wote wa kartie, wa kufugwa na wa mitaani, kwa sababu chini ya hapo ugonjwa unaendelea kuzunguka.

Vigingi vyako viache ardhini. Pete ya PVC, upawa na daftari vikabidhi kwa kijana mmoja wa hapo hapo aliyefanya kazi nawe, umwachie na tarehe: kuzama kwa maji mwezi Oktoba na Aprili, vidimbwi siku ya 3, 7, 10 na 14 baada ya mvua kubwa ya kwanza, minyoo Novemba, rejista kila mwisho wa mwezi.